Asiye na watu atatibiwa na nani?

Mpenzi msomaji, chukua simu yako sasa hivi uhesabu makundi ya mchango uliyomo. Huenda kuna la mjomba anayengoja kupasuliwa, la mfanyakazi mwenzako ambaye mtoto wake ana tatizo la moyo, la kanisa au la msikiti, na lile la mazishi ambalo halijavunjwa tangu mwaka jana. Kila kundi lina mwenyekiti, lina mweka hazina na lina orodha ya majina inayorefuka kila jioni. Sisi Wakenya tumezoea kuishi hivyo. Mtu akiugua, tunachanga.

Leo nataka tuulizane swali moja ambalo makundi hayo hayawezi kulijibu. Je, yule ambaye hana kundi atatibiwa na nani?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Lilinijia mwaka wa 2019 katika ploti niliyokuwa nimepanga hapa Nairobi, ambako katika mwaka huo mmoja niliteuliwa kuwa mweka hazina wa mchango mara mbili. Wagonjwa walikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa amevunjika mfupa wa paja.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi aliyeishi ghorofa ya pili. Aligongwa na gari mwezi wa Machi alipokuwa akivuka barabara. Ni vyema ujue kwamba mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini, na mtu mzima akiuvunja aweza kupoteza lita nzima ya damu ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Ndiyo sababu majeruhi wa aina hiyo hatakiwi kucheleweshwa. Madaktari walisema mwalimu apenyezewe chuma ndani ya mfupa ili uungane ukiwa umenyooka. Bima aliyokuwa nayo haikutosha. Basi usiku huo huo kundi likaundwa. Walikuwemo watu wa ukoo wake, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, waumini wa kanisa lake na sisi majirani. Kwa siku tatu tulipata shilingi 186,000. Siku ya tano alipasuliwa, na juma lililofuata alikuwa akitembea kwa magongo. Muhula wa tatu ulipofunguliwa alikuwa darasani.

Wa pili alikuwa mlinzi wa lango letu. Aligongwa na bodaboda alfajiri moja ya Oktoba, akitoka zamu ya usiku. Wasamaria wema walimkimbiza katika hospitali ya umma. Nilipofika huko, karani aliniuliza jina la mgonjwa. Nilisimama pale kwenye dirisha nikiwa sina jibu. Kwa miaka minne mtu huyu alikuwa amenifungulia lango kila usiku, nami nilimjua kwa jina moja tu ambalo ploti nzima ilimwita: Soja. Jina lake nililisoma kwa mara ya kwanza kwenye kitambulisho kilichotolewa katika mfuko wa koti lake lililolowa damu.

Daktari wa zamu alisema yale yale aliyoambiwa mwalimu: chuma. Lakini chuma hicho kilitakiwa kinunuliwe na jamaa wa mgonjwa. Kadi ya bima hakuwa nayo. Tukaunda kundi. Wapangaji tulikuwa 31. Mama yake alikuwa katika kaunti ya mbali kaskazini, na katika ploti yetu hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeijua lugha yao. Hakuwa na wanafunzi wa zamani. Hakuwa na kanisa wala msikiti uliomjua, kwa kuwa siku za ibada yeye hulinda lango ili sisi twende tukaabudu. Baada ya majuma mawili tulikuwa na shilingi 14,350.

Kwa sababu chuma hakikupatikana, mguu wake ulifungiwa uzito ili uvutwe, akalazwa chali. Njia hiyo ni ya zamani na huweza kumponya mtu, ila humtaka asibanduke kitandani kwa majuma mengi, huku akikabiliwa na vidonda vya mgongoni na hatari ya damu kuganda miguuni. Soja alilala hivyo majuma tisa. Alipata kidonda cha mgongoni. Mfupa uliungana, lakini uliungana ukiwa umepinda na mguu ukawa mfupi kuliko mwenzake. Kisha daktari akamruhusu aende nyumbani, lakini ofisi ya malipo ikamzuia. Deni la kitanda, dawa na uangalizi wa majuma hayo yote lilikuwa limezidi bei ya kile chuma kilichokosekana. Alikaa siku 18 zaidi wadini, mzima wa kuweza kuondoka, mpaka ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iliposamehe sehemu ya deni nasi tukachanga tena kidogo. Kufikia wakati huo mwenye ploti alikuwa ameajiri soja mwingine.

Mwisho wa mwaka niliketi na taarifa yangu ya M-Pesa nikafunga hesabu za makundi yote mawili. Ndipo nikaona jina langu. Kwa mwalimu nilikuwa nimetoa shilingi 3,000. Kwa Soja nilitoa 300. Mwalimu sikuwahi kuzungumza naye zaidi ya mara tatu au nne, ila alitoka upande wa kwetu, na nilijua kwamba mchango wangu ungetajwa nyumbani. Soja niliongea naye kila siku ya Mungu.

Nilipomtembelea kabla hajapanda basi kurudi kwao, nilitaka kumwomba radhi. Hakuniruhusu nifike mbali. "Mzee, usijilaumu," akasema. "Mimi sina watu hapa."

Msomaji wangu, maneno hayo mafupi yana maelezo ya afya ya taifa letu kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia. Watu wawili, mfupa mmoja, mtaa mmoja, mwaka mmoja. Mmoja alikuwa na watu, mwingine hakuwa nao. Tofauti ya miguu yao leo haikutokana na ugonjwa.

Tafadhali usinielewe vibaya. Sipingi mchango. Harambee ni mila iliyotujengea shule, zahanati na visima tangu taifa hili lilipopata uhuru mwaka wa 1963, na tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007 imekuwa rahisi kwa aliye Kisumu kumsaidia aliye Lamu kabla chai haijapoa. Mtu anayetoa shilingi 50 zake za mwisho kwa ajili ya mgonjwa asiye wa nyumba yake anafanya jambo jema mbele ya Mungu na mbele ya watu. Ninachosema ni kwamba mchango hauwezi kuwa ndio mpango wetu wa afya. Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba mchango hufuata damu na ujirani wa kule tulikotoka. Kijijini jambo hilo halina madhara makubwa, kwa maana huko karibu kila mtu ana watu. Lakini sisi hatuishi tena kijijini. Tazama ploti yoyote ya Nairobi, Mombasa, Nakuru, Eldoret au Thika. Mlango huu ni Mkamba, unaofuata ni Mluhya, kule mwisho ni Mturkana, ghorofani ni familia ya Kisomali, na kando yake kijana kutoka Kisii anayetafuta kazi. Twatumia choo kimoja, bomba moja la maji na hewa moja. Kifua kikuu kikiingia katika chumba kimoja hakitauliza vyumba vingine vyazungumza lugha gani. Lakini ugonjwa ukibisha, kila mmoja hukimbilia kundi la kwao, na yule ambaye watu wake ni wachache au ni maskini hubaki peke yake katikati ya umati. Tumeyachanganya makao yetu lakini misaada yetu tumeiacha ikitembea kwa njia za makabila.

Ya pili ni kwamba mchango huja wakati nyumba imekwisha kuungua. Hakuna aliyewahi kuunda kundi la WhatsApp ili jirani anunuliwe tembe za shinikizo la damu za mwezi huu. Hakuna anayechangisha ili mgonjwa wa kisukari apimwe macho na figo mapema. Tutachanga kwa maelfu atakapopata kiharusi, au figo zikishindwa na akahitaji kusafishwa damu mara mbili kwa juma. Yaani tunalipia maafa kwa pesa nyingi ilhali kinga yake ilitaka pesa kidogo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Soja pia: chuma kilionekana ghali, hadi tulipoona bei ya kukikosa.

Ya tatu ni kwamba mchango huchagua magonjwa. Mtoto mwenye uso wa kupendeza atachangiwa. Je, mgonjwa wa akili? Je, kijana aliyezama katika pombe haramu? Je, mwanamke mwenye fistula anayeona haya hata kuutaja ugonjwa wake kwa dada yake? Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika Aprili 1948, lilisema kwamba afya ni mtu kuwa mzima kimwili, kiakili na katika maisha yake ya kijamii, na wala si kukosa maradhi tu. Ukimlazimisha mtu atangaze siri yake kwa watu 200 ndipo atibiwe, huenda umemponya mwili lakini umemjeruhi kwingine.

Kama mchango hautoshi, basi kinachobaki ni chungu kimoja ambacho sote twatia kwa kadiri ya uwezo na kila mgonjwa hupakuliwa kwa kadiri ya hitaji lake, bila kuulizwa yeye ni mtoto wa nani. Hili si wazo geni. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka wa 1883. Uingereza ilianza huduma yake ya taifa ya afya Julai 1948, wakati miji yake mingine ilikuwa bado ina magofu ya vita. Jirani zetu wa Rwanda walianza kujaribu bima za kijamii mwaka wa 1999, miaka mitano tu baada ya mauaji ya kimbari, na wakazieneza hadi vijijini. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyongoja itajirike kwanza ndipo ianze.

Hata sisi tulianza mapema. Mwaka wa 1965 serikali iliondoa ada katika hospitali za umma, na mwaka uliofuata, 1966, ikaunda hazina ya taifa ya bima ya hospitali, ile tuliyoijua kwa jina la NHIF. Baadaye uchumi ulidorora, na Desemba 1989 ukaja mpango wa kuchangia gharama. Wengi wa rika langu wanaukumbuka. Mgonjwa alitakiwa alipe kidogo kabla ya kuonwa. Wakubwa walisema kiasi hicho ni kidogo mno kuweza kumzuia mtu. Lakini watafiti walipochunguza kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, waligundua kwamba baada ya ada kuanza mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Je, wale waliokosa kuja walikuwa wamepona? La hasha. Walibaki nyumbani na ugonjwa wao, na huo ulikuwa wakati ambapo Ukimwi ulikuwa ukisambaa. Mwaka wa 1990 serikali ililegeza kamba, kisha ada zikarudi kwa awamu.

Tangu hapo tumekuwa tukienda mbele hatua moja na kurudi nyuma nusu. Mwaka wa 2004 ada katika zahanati ilipunguzwa ikawa shilingi 10, na katika vituo vya afya shilingi 20. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Juni 2013 ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma ikafutwa, na akina mama wakaanza kujifungua bila malipo katika hospitali za umma. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya umma kwa kukosa pesa, kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao. Miaka minne baadaye Soja alizuiliwa wadini siku 18. Sheria ilikuwapo. Asiye na watu hakuwa na wa kumsomea.

Sasa tuna sheria mpya ya bima ya afya ya jamii ya mwaka wa 2023. Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Huduma katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa kutokana na kodi, bila aliyejisajili kudaiwa mchango kwanza. Kuna pia hazina ya dharura na magonjwa sugu. Kwa maandishi, hiki ndicho chungu nilichokitaja hapo juu. Anayepata kingi hutia kingi, anayepata kidogo hutia kidogo, na wote huandikwa katika daftari moja.

Najua unachotaka kuniambia. Utasema kwamba mambo katika maandishi si mambo ya wadini. Utasema ulifika hospitalini ukaambiwa mtambo umekwama, au ukatumwa ukanunue dawa duka la nje. Utasema kuna hospitali zilizodai malipo kwa wagonjwa ambao hawakutibiwa kamwe. Malalamiko hayo ni ya kweli, na nisingekuwa mwandishi mwaminifu kama ningeyaficha. Lakini wizi ni sababu ya kudai hesabu, wala si sababu ya kuvunja chungu. Hata katika michango yetu mweka hazina hutoroka na pesa mara kwa mara, na hatukuacha kuchanga. Tulichofanya ni kuweka watia sahihi watatu.

Wengine huniambia, "Mimi ni mzima, nilipe kwa nini?" Ndugu yangu, hivyo ndivyo bima inavyofanya kazi. Katika chama cha akina mama, anayepokea juma hili hakuwa ndiye mwenye shida kubwa juma lililopita. Wengi walio wazima leo hulipia wachache walio wagonjwa, kisha zamu hubadilika. Ukingoja uugue ndipo ujiunge, wewe ni kama mtu anayetaka kununua mwavuli akiwa tayari amelowa.

Lakini kuna lalamiko moja ambalo halijibiwi kwa methali, nalo ni la wale wasio na mshahara. Mfanyakazi wa ofisini hukatwa kila mwezi bila kuhisi. Mama mboga, mtu wa mjengo, mwendesha bodaboda na mvuvi huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yao, kisha mashine hukadiria kiasi watakachotoa, na sheria hutaka kiwe cha mwaka mzima. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, hizo ni shilingi 3,600. Mtu anayepata riziki yake jua likichomoza na kuimaliza likitua atazitoa wapi kwa mkupuo mmoja? Mwaka wa 2025 ulianzishwa mpango wa mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole, na hiyo ni dalili kwamba wakubwa wameliona tatizo. Lakini kumkopesha maskini ili alipie haki yake si sawa na kumlipia. Tayari serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii. Kama daftari la wazee liliwezekana, daftari la wasiojiweza litawezekana pia, mradi liandikwe mtaani mbele ya majirani na wahudumu wa afya nyanjani, ambao wanaijua kila nyumba, wala lisiachiwe marafiki wa wanasiasa.

Isitoshe, wapo wasio na hata kitambulisho. Jamii ya Wamakonde waliishi pwani yetu kwa miongo mingi kabla ya kuanza kupewa vitambulisho vya Kenya mwaka wa 2016. Wapemba walitambuliwa mwaka wa 2023. Katika miaka yote hiyo hawangeweza kuandikwa katika bima yoyote, ijapokuwa maji ya bahari waliyovua ndiyo tuliyokula samaki wake. Chungu cha wote kisicho na jina la mtu huyo si cha wote.

Basi tufanye nini, mimi nawe, tusio mawaziri wala wabunge?

Kwanza, jisajili ikiwa bado. Waweza kufanya hivyo hata kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *147#. Waandike wanao na mwenzi wako, na uangalie kwamba majina yao yameingia.

Pili, mtazame anayekufanyia kazi. Yaya anayelea watoto wako, kijana anayelinda lango na mama anayefua nguo zako ni wafanyakazi. Kama umemwajiri mtu, sheria yakutaka umkate na uwasilishe mchango wake kila mwezi. Wengi wetu tunaogopa kukata kwa kuwa mshahara wenyewe ni haba. Basi mwongeze kiasi hicho ukilipe wewe. Ni pungufu ya nauli yako ya siku chache. Wapangaji 31 wa ploti yetu wangetoa shilingi chache tu kila mmoja kwa mwezi, na Soja angekuwa na jina lake katika daftari muda mrefu kabla ya ile alfajiri ya Oktoba.

Tatu, ukiwa na mgonjwa asiyeweza kulipa katika hospitali ya umma, usianze na mchango. Anza na ofisi ya ustawi wa jamii iliyomo humo hospitalini. Omba deni lichunguzwe na lisamehewe. Fanya hivyo siku ya kwanza, usingoje siku ya kuruhusiwa kuondoka. Na mgonjwa akizuiliwa kwa sababu ya deni, kumbuka uamuzi wa 2015 na uutaje kwa heshima lakini bila woga.

Nne, diwani wako akija kuomba kura, usimwulize atatoa kiasi gani katika harambee yako. Mwulize kama zahanati ya wadi ina dawa, na bajeti ya afya ya kaunti imetumika vipi. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja, Aprili 2001, kwamba wangetenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo bado haijatimizwa hapa kwetu. Mwanasiasa anayemwaga noti katika beseni la mchango anatulipa sehemu ndogo ya kile ambacho alitakiwa kukilinda Bungeni.

Tano, endelea kuchanga. Lakini unapotuma pesa katika kundi la kwenu, jiulize ni nani katika ploti yako, katika ofisi yako au katika soko lako ambaye hana kundi. Mjue jina.

Soja yuko kwao hadi leo. Hunipigia simu wakati wa sikukuu, anapopata mtandao. Anachunga mbuzi wachache wa mama yake, lakini kwa mguu ule hawezi kuwafuata mbali, na wakati wa kiangazi malisho huwa mbali. Mara ya mwisho nilimuuliza kama amejisajili. Alinijibu kwamba mhudumu wa afya nyanjani alipita akamwandika, yeye na mama yake. Kadiri mashine ilivyomkadiria, bado hajaweza kulipa mwaka mzima.

Nilizilipa mimi. Sisemi hivyo ili nisifiwe, kwa sababu pesa hizo hazikufikia hata nusu ya deni nililo nalo kwake. Nasema ili ujue kwamba hata sasa, baada ya sheria zote hizo, Soja ana bima kwa sababu moja tu: amepata mtu. Nchi hii bado ina maelfu wengine walio kama yeye, na siku ambayo wataweza kutibiwa bila kuwa na mtu ndiyo siku tutakayosema kwamba Kenya ina afya njema.